Mteja anasema kahawa yangu inanuka sigaa, shida iko wapi hasa?

Koplo Mstaafu (#1)
Wakuu salaam. Mimi ni mstaafu wa jeshi, baada ya kutoka nikaanza kukaanga kahawa na kuuza, ni biashara ya pembeni tu kusaidiana na pensheni. Nina mashine ndogo ya dramu chumba cha nyuma, nakaanga, nafungasha, nawapelekea watu wangu ambao wengi ni niliotumikia nao pamoja na jamaa zao. Jioni kazi ikiisha huwa navuta sigaa, zile nene za majani matupu yaliyoviringishwa kwa mkono, sio sigara za pakiti. Nilizizoea nikiwa bado kazini na sasa hivi ndo starehe yangu, pombe sigusi.

Sasa kuna mteja wangu wa siku nyingi kaniambia mzigo wa mwisho unanuka sigaa. Hajasema moshi, kasema sigaa kabisa. Mwingine aliyechukua mzigo huohuo anasema ni mtamu kuliko yote niliyowahi kumpa. Mimi nimeunusa, nimeuonja, sioni kitu. Je kahawa inaweza kushika harufu ya sigaa kweli, au jamaa anasema hivyo kwa kuwa anajua navuta? Na kama inashika, inashikia wapi, ikiwa mbichi, wakati wa kukaanga, kwenye kupoza au stoo? Biashara siachi na sigaa sijapanga kuacha, kwaiyo nisaidieni kujua pa kurekebisha.

Makapi (#2)
Inashika afande, tena vizuri sana. Kahawa mbichi ina maji kama asilimia 10 mpaka 12, ukishaikaanga yanabaki kidogo mno, na punje inakuwa imevimba imejaa vitundu na mafuta ndani. Kitu kikavu chenye vitundu na mafuta kinanyonya harufu yoyote ya jirani, iwe sabuni, iwe rangi ya ukuta, iwe viungo.

Ila kabla sijasema mengi, unapozea wapi? Maana ile sahani ya kupozea ina feni chini yake inayovuta hewa ya chumbani ipite katikati ya kahawa ya moto. Chumba kikiwa na moshi ujue huo moshi umepita kwenye mzigo wote, punje kwa punje.

Mpenda Ligi (#3)
Afande risasi ulizikwepa moshi ndo umekupata 😂 nimekaa mbele kabisa hapa, wajuzi shukeni.

Dada Kikombe (#4)
Jamani tusiikimbilie sigaa. Mimi kazi yangu ni kuonja kahawa, na maneno kama moshi, majivu, tumbaku nayasikia kila wiki kwenye kahawa ambazo hazijawahi kukaa karibu na mvutaji. Kuna kemikali inaitwa guaiakoli, inatokea pale joto linapovunjavunja asidi fulani zilizomo kwenye punje, na hiyohiyo ndo imo kwenye moshi wa kuni. Kadiri unavyoipeleka kahawa kuwa nyeusi ndivyo harufu ya moshi inavyopanda. Kwaiyo swali langu kwa afande ni moja, ule mzigo uliishia wapi? Mlio wa kwanza wa punje kupasuka ndani ya mashine, au ulipita mpaka wa pili?

Koplo Mstaafu (#5)
Nawajibu wote. Sahani ya kupozea iko chumba hichohicho cha mashine. Sigaa navutia barazani, ila mlango wa chumba unafungukia hapohapo barazani na siku ya kukaanga nauacha wazi kwa sababu ya joto. Sanduku la sigaa liko ndani, kabatini chini, na mifuko ya kahawa iliyofungashwa iko rafu ya juu ya kabati hilohilo.

Dada Kikombe, mzigo ule niliutoa mwanzo wa mlio wa pili. Hawa wenzangu wanapenda nyeusi na kali, wanasema ikiwa nyepesi hawaioni.

Makapi (#6)
Aisee. Mlango, kabati, na mlio wa pili, vyote vitatu kwenye mzigo mmoja.

Mlio wa kwanza unakuja kwenye nyuzi 196 hadi 200 hivi, wa pili unakuja juu kama 224, na hapo mafuta yanaanza kujitokeza nje ya punje unayaona yanang'aa. Mafuta yakiwa nje ndo yanashika harufu zaidi na yenyewe yanachacha upesi. Kwaiyo Dada Kikombe ana hoja lakini na mimi hoja yangu haijafa, kahawa nyeusi ni rahisi zaidi kuchafuliwa na hewa.

Tumbaku Safi (#7)
Nimevuta na kuhifadhi sigaa miaka mingi naomba nitenganishe kitu hapa maana naona mnachanganya. Sigaa ambayo haijawashwa HAINUKI moshi. Inanuka jani kavu, ngozi, mbao, wakati mwingine amonia kama bado changa, kwa sababu majani ya tumbaku yanarundikwa yachachuke kwa joto lake lenyewe na amonia inatoka wakati huo, ikibaki kidogo unaisikia ukifungua sanduku. Iliyowashwa ndo moshi. Iliyozimwa ikalala kwenye kisahani mpaka asubuhi ni harufu ya tatu, hiyo ndo mbaya kuliko zote.

Kwaiyo mrudie mteja umuulize harufu ipi kati ya hizo. Akisema jani au ngozi, tatizo ni kabati. Akisema moshi, ni mlango na feni aliyoisema Makapi. Akisema majivu makavu, namwachia Dada Kikombe.

Kingine ambacho hakijaguswa, sigaa zinataka unyevu wa hewani kama asilimia 65 mpaka 70, ndo maana tunaweka kwenye sanduku la mwerezi lenye kitu cha kutoa unyevu. Kahawa inataka kinyume chake. Hata kama harufu haihami, hivyo vitu viwili havikai kabati moja.

Mizani (#8)
Mnajenga nyumba kabla ya kuchimba msingi. Hatujajua kama hiyo harufu IPO. Mtu mmoja kasema ipo, mmoja kasema hakuna, mwenyewe haisikii.

Afande fanya jaribio la vikombe vitatu. Chukua mzigo unaolalamikiwa, na mzigo mwingine wa kahawa hiyohiyo uliokaangwa kiwango hichohicho ila haujawahi kuingia kwenye lile kabati. Vikombe viwili weka kahawa moja, cha tatu nyingine, alama ziwe chini ya kikombe. Mwambie mtu achague kilicho tofauti, usimwambie tofauti ya nini. Rudia na watu kadhaa. Wakibahatisha tu watapata moja kati ya tatu. Wakipata zaidi ya hapo mara nyingi, basi kipo kitu. Muhimu anayewapa vikombe asijue kipi ni kipi, la sivyo uso wake utawaambia.

Dada Kikombe (#9)
Namba 8 umeongea. Kipimo cha waonjaji ni gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji, saga, nusa kavu kwanza, mwaga maji ya moto, acha dakika 4, halafu vunja kwa kijiko lile tabaka la unga unaoelea juu pua ikiwa karibu kabisa. Harufu iliyoingia toka nje mara nyingi inajitokeza pale unapovunja tabaka na inarudi tena kikombe kikishapoa. Ya kukaanga sana inakaa mwanzo mpaka mwisho na ulimi unabaki mkavu.

Daktari wa Zamu (#10)
Naongeza la pua. Koplo kusema "nimenusa sioni kitu" hakuthibitishi chochote kwa sababu mbili. Pua ya mtu yeyote inazoea harufu inayoishi nayo, ndani ya dakika chache tu ubongo unaacha kuitangaza. Na pili uvutaji wenyewe unapunguza uwezo wa kunusa. Kwaiyo wewe ndo mtu wa mwisho kuulizwa kwenye suala hili, nasema kwa heshima. Tafuta asiyevuta.

Mpenda Ligi (#11)
Dokta hapohapo nisaidie, mi nimesikia nikotini inamaliza kahawa mwilini ndo maana wavutaji wanakunywa vikombe na vikombe. Labda huyo wa pili aliyesema tamu ni mvutaji mwenzake 😂

Daktari wa Zamu (#12)
Umekaribia ila sio nikotini. Ini lina kimeng'enya kinachovunja kafeini, kinaitwa CYP1A2, na kinachokiamsha ni zile kemikali zinazotokea majani yakiungua, yaani moshi wenyewe. Mtu asiyevuta, nusu ya kafeini aliyokunywa inaondoka mwilini kwa saa 5 hivi, mvutaji wa kila siku muda huo unaweza kushuka hadi karibu nusu. Ndo maana mtu akiacha kuvuta ghafla na akaendelea na vikombe vilevile anaanza kutetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi haupati, anadhani ni hamu ya sigara kumbe ni kafeini imejaa. Wengi walioacha wakashindwa hawakuambiwa wapunguze na kahawa.

Sajenti Kimya (#13)
Sijui mambo ya feni ila naomba kuuliza, hivi kwa nini sisi tuliotoka jeshini tunaishia kwenye kahawa? Namjua mwingine anauza, na mimi mwenyewe nilishafikiria. Kwangu naona ni lindo. Zamu ya usiku wa manane ile baridi, unapokewa na mwenzako anakukabidhi silaha na kikombe, humwoni vizuri usoni ila kikombe unakishika kwa mikono miwili. Ukitoka jeshini watu wanatawanyika, simu zinapungua. Kahawa inakupa sababu ya kumpigia mtu, "mzigo umetoka, nikuletee?" Bila hiyo unampigia unamwambia nini?

Kumbukumbu (#14)
Sajenti umegusa penyewe na historia iko upande wako. Jeshi la Marekani mwaka 1832, rais akiwa Andrew Jackson, liliondoa pombe kwenye posho ya chakula cha askari badala yake likaweka kahawa na sukari. Ilipofika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, upande wa Kaskazini kila posho 100 zilipewa ratili 10 za kahawa mbichi au ratili 8 zilizokaangwa na kusagwa. Kusini bandari zao zilizingirwa kahawa ikakosekana wakawa wanachemsha mizizi ya chikori na vitu vingine vya kubahatisha.

Na siku ya mapigano ya Antietam, tarehe 17 Septemba 1862, kuna sajenti wa ugavi wa kikosi cha 23 cha Ohio aliendesha gari la kukokotwa mpaka mstari wa mbele risasi zikilia akawapelekea wenzake kahawa ya moto na chakula. Jina lake William McKinley, baadaye akaja kuwa rais wa nchi hiyo.

Makapi (#15)
Ebu angalieni hizo ratili 10 kwa 8. Ndo hesabu yetu mpaka leo, ukikaanga unapoteza asilimia 15 mpaka 20 ya uzito kutegemea umeipeleka weusi kiasi gani. Nasema hivi kwa ajili ya wanaoanza biashara, ukinunua kilo 10 mbichi usipange bei kama unauza kilo 10. Na afande anayefika mlio wa pili anapoteza zaidi kuliko angeishia wa kwanza.

Mpenda Ligi (#16)
Vita hivyohivyo walikuwa na bunduki za Sharps zenye kinu cha kusagia kahawa kwenye kitako, nimewahi kuona picha. Mnaona sasa jeshi lilivyokuwa siriasi?

Kumbukumbu (#17)
Bunduki zenye kinu zilikuwepo, chache sana, ila habari ya kahawa ina mashaka makubwa. Waliojaribu kusaga kahawa kwa kinu kile wameona hakisagi vizuri, na wengi waliochunguza wanasema kilikuwa cha nafaka. Hadithi ya kahawa ni tamu ndo maana haifi.

Ukitaka mfano wa siku hizi, Black Rifle Coffee Company kule Marekani ilianzishwa 2014 na Evan Hafer aliyekuwa kikosi maalumu cha jeshi la nchi kavu, na ilifika mpaka soko la hisa la New York mwaka 2022. Kwaiyo sio wewe na Koplo tu.

Mizani (#18)
Sajenti #13 nakuheshimu ila maelezo yako ni ya moyoni, mimi naona ya mfukoni. Mtu ana kiinua mgongo, hataki kukitia chote kwenye jambo moja. Kahawa unaanza na mashine ndogo na gunia moja, mbichi ikikauka sawasawa haiozi kesho, na mteja anarudi kwa sababu bidhaa inaisha. Biashara ngapi zina sifa hizo? Alafu watu wanamwamini aliyetoka jeshini kwamba atafika saa aliyosema.

Sajenti Kimya (#19)
Inawezekana. Ila mbona asiuze sabuni? Nayo inaisha.

Binti Afande (#20)
Naomba nichangie kama mtoto wa mwanajeshi. Marehemu baba naye aliuza kahawa baada ya kustaafu na alivuta, na tulipata malalamiko hayahaya ya harufu. Sisi tulikuja kuamini ni koti lake. Alikuwa na koti moja zito analovaa jioni akivuta, asubuhi akilivua analitundika msumarini juu ya maboksi ya mifuko mitupu, ile ya kufungashia. Kahawa ilikuwa safi, mifuko ndo ilikuwa imelala na koti usiku kucha. Moshi wa tumbaku unaganda kwenye nguo, mapazia, kuta, halafu unatoka taratibu hata kama hakuna anayevuta. Tulipohamisha mifuko watu wakanyamaza. Sasa sijui kama ni koti kweli au na yeye wakati ule alikuwa ameanza kupunguza kuvuta, vilitokea pamoja.

Koplo mifuko yako mitupu inakaa wapi? Na una picha gani kwenye mfuko?

Koplo Mstaafu (#21)
Binti Afande pole kwa mzee, na asante. Mifuko mitupu iko kwenye boksi chini ya meza ya kufungashia, sijawahi hata kuifikiria. Picha kwenye lebo ni mchoro wa askari amekaa ana kikombe mkono mmoja na sigaa mkono mwingine, alinichorea kijana wa mwenzangu.

Sajenti #13 umenena nilichoshindwa kukisema. Mimi wapo wawili watatu huwa wanakuja jioni kuchukua mzigo, wanakaa. Sigaa haivutwi kwa haraka. Unakata kofia yake, ile ncha iliyofungwa ya upande wa mdomo, kidogo tu usikate mpaka kwenye bega la jani, unapasha mguu wake, yaani ncha ya kuwashia, juu ya moto bila kuugusa, unauzungusha taratibu mpaka ukingo wote uwe mwekundu, ndo unavuta pumzi ya kwanza mdomoni tu bila kumeza. Majivu yakiwa mazuri yanashikilia kama urefu wa pingili ya kidole, huyakung'uti. Inachukua saa nzima, na katika hiyo saa ndo mtu anaanza kusema vitu ambavyo hajamwambia mke wake. Wenzangu wawili walikuwa kwenye hali mbaya baada ya kustaafu na nimewasikia wakiongea pale barazani. Ndo maana nimesema siachi.

Dada Kikombe (#22)
Nimeona lebo nikasimama. Afande umechora sigaa kwenye mfuko halafu unauliza kwa nini mtu ananusa sigaa? Macho yanaongoza pua sana. Tukionja kazini tunaficha jina, lebo na hata rangi ya punje kwa sababu hiyohiyo. Nakuomba kabla ya yote mpe huyo mteja mzigo uleule kwenye mfuko mtupu usio na kitu, usikie atasemaje.

Tumbaku Safi (#23)
Koplo umeeleza vizuri jinsi ya kuwasha. Wengi wanachoma mguu kama wanachoma nyama halafu wanalalamika sigaa chungu. Na hapo ulivyosema haumezi moshi ndo tofauti yetu na wavuta sigara, sisi madhara hayatufiki kama wao.

Daktari wa Zamu (#24)
Namba 23 hapo siwezi kupita kimya. Moshi wa sigaa una tabia ya ualkali, kwaiyo nikotini inaingia kupitia ngozi ya ndani ya mdomo bila hata kumeza moshi. Sigaa moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Saratani za mdomo, koo, umio na mapafu zote zinahusishwa na sigaa. Ulysses Grant, jenerali wa hivyo vita alivyovitaja Kumbukumbu, magazeti yalimwandika ana sigaa baada ya ushindi wa Fort Donelson mwaka 1862, wananchi wakamtumia maelfu ya sigaa kama zawadi, akawa mvutaji mkubwa kuliko alivyokuwa. Alikufa 1885 kwa saratani ya koo.

Koplo nimeelewa baraza lako linafanya kazi gani na sitaki life. Nasema wale wenzako wanakuja kukaa na wewe, wanaweza kukaa na vikombe.

Tumbaku Safi (#25)
Dokta nakubali hatari ipo, sikusema haipo. Ila Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alivuta toka ujana wake, alikwenda Cuba mwaka 1895 akiwa ofisa kijana kuangalia vita vya kule, akavuta maisha yake yote na akafika miaka 90.

Daktari wa Zamu (#26)
Mtu mmoja aliyenusurika hafuti waliokufa. Wewe ungekuwa umepitia mapigano yoyote, ungekubali hilo kuwa hoja?

Sajenti Kimya (#27)
Dokta kwenye vikombe namuunga mkono kidogo, na kidogo simuungi. Kikombe kinaisha upesi, mtu akimaliza anainuka. Ile saa ndo inayofungua mdomo. Labda mchemshe birika kubwa, sijui.

Makapi (#28)
Turudi kwenye harufu maana tumefika Cuba. Kuna sababu nyingine imenijia usiku. Afande, makapi unayasafisha lini? Ile ngozi nyembamba inayovuka punje wakati wa kukaanga inaruka na hewa kwenda kwenye mtego wake. Mtego ukijaa au bomba la moshi likiziba, hewa haitoki vizuri, makapi yanaungua ndani ya dramu na moshi wake unageukia kahawa. Ladha yake ni majivu na karatasi iliyoungua. Mashine ndogo za nyumbani hili ndo gonjwa lao kubwa. Na inatokea polepole, mzigo baada ya mzigo, hadi mmoja unazidi kiwango na mtu anasema.

Mzee wa Vali (#29)
Mimi nadhani ni mfuko. Ile vali ya mbele inaruhusu hewa ya kabatini kuingia, achana tu na hizo vali, mifuko ya kawaida inatosha.

Makapi (#30)
Hapana mzee wangu, vali inapitisha upande mmoja tu. Kahawa iliyotoka kukaangwa inatoa hewa ukaa (kaboni dioksidi) siku kadhaa, vali inaitoa nje na hairuhusu ya nje kuingia. Ukiziba kabisa mfuko unavimba mpaka unapasuka, ukiacha tundu wazi ndo harufu inaingia. Ila kama vali ni ya bei ya chini na imelegea, au mfuko haukuzibwa vizuri kwa joto pale juu, hapo na mimi ningekagua. Afande bonyeza mfuko mmoja kwa kiganja, hewa itoke pale kwenye vali tu, ukiisikia inatokea penginepo umepata pa kuanzia.

Koplo Mstaafu (#31)
Nimempigia mteja. Nilimuuliza kama alivyoelekeza Tumbaku Safi, jani, moshi au majivu. Kajibu ni kama jani kavu na majivu vimechanganyika, na inakuja zaidi anapofungua mfuko kuliko anapokunywa. Kingine ambacho sikukiona umuhimu wake mwanzo, huyu anachukua iliyosagwa na yule aliyesifia anachukua punje nzima anasaga mwenyewe.

Mtego wa makapi nimeufungua asubuhi, ulikuwa na makapi lakini haujajaa. Mfuko niliobonyeza unatoa hewa kwenye vali tu.

Dada Kikombe (#32)
Iliyosagwa! Ungetuambia mapema afande tusingezunguka hivi. Ukisaga unaongeza eneo la kushika harufu mara nyingi sana, saa moja ya kahawa iliyosagwa hewani inaharibu kuliko siku nyingi za punje. Na mashine ya kusagia yenyewe, yale meno yakikaa na mafuta ya mlio wa pili yanachacha, kila unga unaopita unabeba kidogo. Fungua meno upige brashi kavu, usitie maji. Mimi dau langu naliweka hapo.

Mizani (#33)
Dada dau lako liko haraka. Mashine hiyohiyo inawasagia na wengine, mbona wao hawajalalamika? Koplo wangapi wanachukua iliyosagwa?

Tumbaku Safi (#34)
Na "jani kavu" linatoka wapi kwenye mashine ya kusagia? Hilo ni kabati. Inakuja akifungua mfuko, maana yake ni harufu ya mfuko. Namrudia Binti Afande, ile mifuko mitupu.

Binti Afande (#35)
Ndo nilichotaka kusema. Mifuko mitupu haina kahawa ndani ya kutoa hewa, inakaa mdomo wazi inapokea tu.

Koplo Mstaafu (#36)
Iliyosagwa wanachukua wengi Mizani, karibu nusu. Walionijibu wanasema iko sawa, ila wengine wawili nao ni wavuta sigaa kwaiyo kwa maneno ya Dokta hawahesabiki.

Nitafanya hivi. Mzigo unaofuata nakaanga siku ambayo sivuti na mlango wa barazani nafunga, nafungua dirisha la upande wa pili. Sanduku la sigaa linahamia chumba kingine leo hii. Mifuko mitupu naifunga kwenye ndoo yenye mfuniko. Meno ya kusagia nasafisha. Halafu natoa vikombe vitatu kama alivyosema Mizani.

Mizani (#37)
Afande ukibadilisha vyote kwa mpigo na harufu ikaondoka hutajua kipi kilikuwa. Badilisha kimoja kimoja.

Makapi (#38)
Mizani yeye anauza, sio maabara. Mteja akikimbia hilo jibu atalifanyia nini? Badilisha vyote afande, mzigo utoke safi.

Sajenti Kimya (#39)
Nakubaliana na Makapi. Na Koplo ukishatoa huo mzigo niwekee na mimi, punje nzima, usiupeleke mpaka mlio wa pili, nataka nionje hiyo nyepesi wanayoisema.

Mpenda Ligi (#40)
Na mimi weka ya kusaga, nitakuwa yule shahidi asiyevuta 😂 ila mniambie kwanza, robusta na arabika ipi inanifaa mtu wa zamu za usiku?

Dada Kikombe (#41)
Robusta ina kafeini karibu mara mbili, arabika iko kama asilimia 1.2 robusta inafika 2 na zaidi. Ila robusta ikikaangwa sana inakuja na harufu ya mpira ulioungua, kwaiyo afande kama kwenye ule mzigo ulichanganya robusta tuambie sasa hivi maana hiyo itakuwa sababu ya saba.

Koplo Mstaafu (#42)
Nilichanganya, robo hivi. Wanaipenda kwa ukali wake.

Dada Kikombe (#43)
Haya, fungueni ukurasa mpya.